Mpaka wa Serikali na Mpaka wa Mwenye Duka

Mtu akinunua jembe Mombasa, akalipakia chomboni, akaja nalo Unguja na kulipa ushuru anaodaiwa bandarini, hapana atakayemwuliza kwa nini hakulinunua Darajani. Jembe ni lake na shamba ni lake. Lakini mtu huyo huyo akinunua kompyuta ya nyumbani katika nchi moja na kuihamishia nchi nyingine, huanza kusikia maneno ambayo mwenye jembe hayasikii: kwamba dhamana ya mashine yake haitambuliki hapa, kwamba fundi wa wakala haruhusiwi kuigusa, kwamba mashine hiyo si ya soko hili. Ushuru wa Serikali amekwisha kuulipa na stakabadhi anayo mkononi. Sasa anatakiwa kuuheshimu mpaka mwingine, mpaka usioonekana katika ramani yoyote na usiopitishwa na baraza lolote la wawakilishi.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza mpaka huo wa pili: nani aliyeuweka, umeshindaniwa vipi katika nchi za wenzetu, na una maana gani kwa wakazi wa visiwa ambao tangu enzi za majahazi wameishi kwa kununua ng'ambo na kuuza nyumbani. Jambo hili linamhusu kila mnunuzi, lakini linawahusu zaidi watendaji waliokabidhiwa forodha, biashara na mizani ya haki sokoni.

MASHINE ILIYOINGIA MKOBANI

Hadi katikati ya miaka ya 1970 kompyuta ilikuwa mali ya wizara, majeshi, vyuo vikuu na mashirika makubwa. Ilijaza chumba kizima, ilitaka ubaridi wa daima, na ilikuwa na kundi la mafundi wa kuihudumia usiku na mchana. Mwaka 1977 zikatoka Marekani mashine tatu zilizoweza kukaa juu ya meza ya mtu wa kawaida, nazo ni Apple II, Commodore PET na TRS-80. Kisha katika Uingereza Clive Sinclair akaishusha bei zaidi. ZX81, iliyotoka Machi 1981, iliuzwa kwa paundi 69.95 ikiwa kamili, na kwa paundi 49.95 kwa mnunuzi aliyekuwa tayari kuiunganisha kwa mkono wake. Aprili 1982 ikafuata ZX Spectrum, kwa paundi 125 ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, na paundi 175 ile ya kilobaiti 48. Mwaka huo huo kampuni ya Commodore ikaingiza sokoni Commodore 64 kwa dola 595 za Kimarekani, bei ambayo haikuchukua muda kushushwa.

Mashine hizi ziliunganishwa na televisheni ya nyumbani, na programu zake zilihifadhiwa katika kaseti za kawaida, zile zile za nyimbo. Kijana aliyekuwa nayo alijifunza kuiamuru kwa lugha ya BASIC akiwa sebuleni kwao, pasipo chuo wala mwalimu. Wengi walioshika kazi ya kuandika programu katika Ulaya miaka iliyofuata walianzia hapo.

Na hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa. Kitu kidogo, chepesi, kinachoingia katika mkoba wa msafiri, chenye bei moja London na bei nyingine Paris au Belgrade, hakikubali kukaa mahali pamoja. Penye tofauti ya bei hapakosi msafiri, na penye msafiri hapakosi mtu wa kumzuia njiani.

UKUTA WA SERIKALI

Mzuiaji wa kwanza alikuwa Serikali, na tumtazame yeye kwanza ili tusije tukamchanganya na wa pili.

Katika Yugoslavia ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwananchi hakuruhusiwa kuingiza kutoka nje bidhaa yenye thamani iliyozidi marka 50 za Kijerumani. Nchi ilielemewa na madeni, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kompyuta zote za maana zilikuwa na bei iliyozidi kiwango hicho. Watu wakavuka kwenda Austria, Italia na Ujerumani ya Magharibi, wakarudi na mashine zimefichwa katika nguo na mabegi. Waliokuwa na jamaa ughaibuni waliomba waletewe. Mtu mwenye Spectrum alikuwa na kitu ambacho, kwa mujibu wa forodha, hakikupaswa kuwamo nchini.

Mhandisi mmoja, Voja Antonić, akaona njia iliyo halali. Kama mashine nzima haipiti, vipande vyake vitapita. Mwaka 1983 alibuni kompyuta iliyojengwa juu ya chipu ya Z80A, ambayo mtu angeweza kuiunganisha nyumbani kwa vifaa vya bei ndogo. Mchoro wake ulitolewa katika toleo maalumu la jarida la sayansi liitwalo Galaksija, toleo alilolishughulikia mwandishi Dejan Ristanović, na mashine yenyewe ikapewa jina la jarida hilo. Watu zaidi ya 8,000 waliagiza vifaa vya kuijenga. Naye Zoran Modli, mtangazaji wa Radio Belgrade, akawa anarusha hewani sauti za kaseti za programu katika kipindi chake cha Ventilator 202. Msikilizaji alizinasa kwa kinasa sauti chake, na asubuhi yake akawa na programu mpya bila ya kupita forodha yoyote.

Upande wa pili kulikuwa na ukuta uliojengwa na wauzaji wenyewe kwa amri ya serikali zao. Tangu mwaka 1949 nchi za Magharibi, zikiongozwa na Marekani, zilikuwa na kamati iliyoitwa COCOM, yenye makao yake Paris, iliyosimamia orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuuzwa kwa nchi za kambi ya Kisovieti. Kompyuta zilikuwa katika orodha hiyo. Masharti juu ya mashine ndogo za nyumbani yalilegezwa katikati ya miaka ya 1980, na hapo ndipo wananchi wa Poland walipoziona kompyuta za Atari zikiuzwa waziwazi katika maduka ya Pewex, maduka yaliyouza bidhaa kwa fedha za kigeni. Kamati yenyewe ilivunjwa mwaka 1994.

Nasi hatukuwa watazamaji tu katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya mfumo wa hesabu za Serikali kutofanya kazi kama ilivyotarajiwa, na gharama kuwa kubwa, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegea hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila ya kuulizwa fedha hizo zilipatikana wapi, na maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa.

Kila mmoja anaweza kuwa na rai yake juu ya amri ile ya mwaka 1974. Wapo wanaosema iliichelewesha nchi, na wapo wanaokumbusha kwamba nchi changa haikuwa na fedha za kuchezea. Lililo muhimu katika mjadala wetu ni hili: ulikuwa mpaka wa Serikali. Ulitangazwa hadharani, ulikuwa na sababu iliyoelezwa, uliweza kujadiliwa na kulaumiwa, na hatimaye ukaondolewa na mamlaka ile ile iliyouweka. Mwananchi alijua nani wa kumlalamikia. Je, ni hivyo hivyo kwa mpaka wa mwenye duka?

UKUTA WA WAKALA

Mfano mashuhuri unatoka Ulaya, na ulianza kabla ya kompyuta za nyumbani. Mwaka 1957 kampuni ya Grundig ya Ujerumani, yenye kutengeneza redio, televisheni na vinasa sauti, ilifanya mkataba na kampuni ya Consten ya Ufaransa ili iwe wakala wake pekee nchini humo. Grundig iliwafunga wauzaji wake wa nchi nyingine wasiuze ndani ya Ufaransa, na ikamruhusu wakala wake aandikishe kwa jina lake alama ya biashara ya GINT iliyobandikwa katika bidhaa hizo, ili apate silaha mahakamani. Kampuni nyingine ya Kifaransa, UNEF, ikawa inanunua bidhaa hizo hizo kwa wafanyabiashara wa Ujerumani na kuziuza Ufaransa kwa bei iliyokuwa chini ya ile ya wakala. Consten ikaishitaki.

Angalia, ndugu msomaji, ni nini hasa lilikuwa kosa la UNEF. Haikuiba. Haikughushi. Haikukwepa ushuru. Ilinunua bidhaa halisi kutoka kwa mtu aliyekuwa na haki ya kuiuza, ikailipia, ikaivusha mpaka kwa mujibu wa sheria. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba Mfaransa alipata redio ile ile kwa bei ndogo zaidi.

Kamisheni ya Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya iliutangaza mkataba wa Grundig na Consten kuwa ni batili mwaka 1964, na tarehe 13 Julai 1966 Mahakama ya Jumuiya iliyoko Luxembourg ikathibitisha msingi wa uamuzi huo. Hoja yake inafahamika kwa yeyote. Mataifa yale yalitia saini mkataba wa kuondoa kuta za forodha kati yao. Haiwezekani Serikali ibomoe ukuta wake asubuhi, kisha jioni mfanyabiashara aujenge upya mahali pale pale kwa kalamu na karatasi, akagawa soko kama shamba la urithi. Tangu hapo neno hilo limekuwa nguzo ya sheria ya biashara ya Ulaya.

Kompyuta zilipofika, nguzo hiyo ikajaribiwa tena. IBM ilipoingiza katika nchi za Jumuiya kompyuta yake binafsi, ile iliyoizindua Marekani mwaka 1981, ilitaka iuzwe na wauzaji walioteuliwa tu, wenye duka linalofaa na watumishi waliofunzwa. Kamisheni iliuchunguza utaratibu huo na tarehe 18 Aprili 1984 ikaukubali. Inafaa kujua kwa nini ulikubalika. Vigezo vilihusu ustadi wa muuzaji, na aliyevitimiza hakunyimwa nafasi. Isitoshe, muuzaji aliyeteuliwa alikuwa huru kumuuzia mnunuzi wa nchi yoyote ya Jumuiya, na huru pia kununua kutoka kwa muuzaji mwenziwe aliyeteuliwa, hata kama yuko ng'ambo ya mpaka. Yaani kampuni iliruhusiwa kuchagua nani aitwe muuzaji wake, lakini mlango wa muuzaji huyo ulibaki wazi kwa mgeni na mwenyeji sawasawa.

Si kampuni zote zilizofuata njia hiyo. Tarehe 30 Oktoba 2002 Kamisheni ilizitoza Nintendo na mawakala wake saba wa Ulaya faini ya jumla ya euro milioni 167.8, ambapo sehemu ya Nintendo pekee ilikuwa euro milioni 149. Kwa miaka ya 1991 hadi 1998 walikuwa wamepatana kuzizuia mashine na kaseti za michezo zisitoke katika nchi zenye bei ndogo kwenda katika nchi zenye bei kubwa. Bei za Uingereza wakati mmoja zilikuwa chini kwa hadi asilimia 65 kuliko za Ujerumani na Uholanzi. Mawakala walipelekeana habari ili kumgundua mfanyabiashara aliyeuza nje ya eneo lake, na aliyegunduliwa alipunguziwa mzigo au kunyimwa kabisa. Mzazi wa Kijerumani aliyelipa zaidi kwa ajili ya mwanawe hakujua kwamba palikuwa na watu waliokaa mezani kuhakikisha kwamba analipa zaidi.

Na yasidhaniwe kuwa mambo ya zamani. Machi 2020 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa iliitoza Apple faini ya euro bilioni 1.1 kwa kupatana na mawakala wake wa jumla wawili ili kugawana wateja, na kwa kuwabana wauzaji wadogo waliotegemea bidhaa zake. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya Paris iliipunguza faini hiyo hadi euro milioni 372, kiasi ambacho bado si kidogo.

UKUTA ULIOFICHWA NDANI YA MASHINE

Uko ukuta wa tatu, nao ni wa ufundi. Baadhi ya mawe yake ni ya kweli. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na wa kwetu ni wa volti 230, na anayechomeka bila ya kutazama huona moshi. Commodore 64 iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni za mfumo wa NTSC wa Marekani haikuelewana na televisheni za mfumo wa PAL za Ulaya, na Wafaransa, waliokuwa na mfumo wao wa SECAM, walihitaji kifaa cha ziada ili Spectrum ya Kiingereza ionyeshe rangi. Kibodi ya Mfaransa huanza kwa herufi za AZERTY, ya Mjerumani kwa QWERTZ. Mambo haya hayana ubaya. Ni kama tofauti ya pishi na kilo, na mnunuzi mwangalifu huyauliza kabla ya kutoa fedha.

Lakini mawe mengine yametiwa kwa makusudi. Januari 2021 Kamisheni ya Ulaya iliitoza kampuni ya Valve pamoja na kampuni tano zinazochapisha michezo ya kompyuta faini ya jumla ya euro milioni 7.8. Michezo iliyouzwa katika nchi za Ulaya ya Mashariki na Kati, kama vile Poland, Hungaria na Cheki, ilikuwa na namba za kuifungua zilizowekewa kizuizi, zisifanye kazi katika nchi nyingine za umoja huo huo. Hapa hapakuwa na volti wala mfumo wa televisheni wa kusingizia. Programu ilikuwa moja, na kufuli liliwekwa kwa sababu ya bei peke yake. Kazi iliyokuwa ikifanywa na wakala kwa barua na vitisho sasa inafanywa na mashine yenyewe, kimya kimya, wala haichoki wala haihongeki.

Ulaya ilijaribu kuwapa wanunuzi haki yao kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 3 Desemba 2018, inayomkataza muuzaji wa mtandao kumfungia mlango mteja kwa sababu tu anatoka nchi nyingine ya Umoja. Haimlazimishi muuzaji kumpelekea mteja mzigo hadi nyumbani kwake. Inamlazimisha amuuzie kama anavyomuuzia mwenyeji, na mteja atajua mwenyewe namna ya kuuchukua. Australia nayo, ambayo ni kisiwa kikubwa kilicho mbali na masoko, iliunda kamati ya Bunge iliyoziita mbele yake Apple, Microsoft na Adobe kueleza kwa nini Mwaustralia anatozwa zaidi kuliko Mmarekani. Ripoti yake ilitoka mwaka 2013. Na katika Marekani kwenyewe, mwaka huo huo wa 2013, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya mwanafunzi aliyeleta vitabu vilivyochapishwa nje na kuviuza humo nchini, kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala halali popote duniani, haki yake ya kuifuata nakala hiyo imekwisha.

HOJA YA WAKALA

Insafu inatutaka tumsikilize na wakala. Yeye hukodi duka, huajiri fundi, huweka akiba ya vipuri, na hutumia saa nzima kumwelimisha mteja. Kisha mteja yule anamshukuru, anakwenda kununua kwa mtu asiye na fundi wala kipuri, kwa bei ya chini, na mashine ikiharibika anarudi kwa wakala na kudai haki. Hoja hii ina uzito. Mfanyabiashara anayelipia huduma ambayo wengine wanaitumia bure hawezi kudumu, na siku atakapofunga duka wote watabaki na mashine zilizokufa.

Lakini dawa ya ugonjwa huo inajulikana, na siyo kumfunga mnunuzi ndani ya mpaka. Huduma na ilipiwe. Wakala akitoza ada ya haki kwa kutengeneza mashine iliyonunuliwa kwingine, hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Inayolaumiwa ni tabia ya kuikataa mashine hata kwa malipo, ili mnunuzi ajute na jirani yake apate funzo. Huko si kulinda huduma. Ni kutoa adhabu, na adhabu ni kazi ya mahakama.

Aidha kuna tofauti ambayo wanunuzi wengi hawaielewi, na wauzaji wengi hawana haraka ya kuieleza. Iko dhamana ya kiwanda, ambayo mtengenezaji huitoa kwa hiari yake na kwa masharti yake, pengine kwa nchi moja tu. Na upo wajibu wa muuzaji, unaotokana na sheria, wa kutoa kitu kinachofanya kazi kama alivyokisifia. Katika Ulaya wajibu huo wa muuzaji ulithibitishwa kwa agizo la mwaka 1999 kuwa wa miaka miwili. Anayenunua ng'ambo aelewe kwamba mdai wake wa kwanza ni yule aliyepokea fedha zake, na kwamba umbali wa bahari utaifanya haki hiyo iwe nzito kuidai. Rahisi huweza kuwa ghali.

SISI WA VISIWANI

Turudi kwetu. Kisiwa hakina kiwanda cha kompyuta wala hakina soko kubwa la kumfanya mtengenezaji akose usingizi kwa ajili yake. Mara nyingi wakala aliye karibu yuko Dar es Salaam au Nairobi, na mtu wa Pemba humfikia kwa nauli ya boti na siku mbili za kazi. Kwa hiyo watu wetu wamefanya walivyofanya siku zote. Wananunua Dubai, wananunua Mombasa, wanaagiza kwa jamaa walioko Maskati na London. Mwanafunzi wa chuo, karani wa shehia mwenye kuandika ripoti, mwalimu anayetayarisha mitihani, wote wanategemea mashine zilizoingia kwa njia hiyo. Kuwaita watu hawa walanguzi kwa sababu tu hawakupita kwa wakala ni kuwaonea.

Na hapa ndipo mtendaji wa Serikali anapotakiwa awe na macho mawili. Iko mashine ya bandia, yenye nembo ya kughushi na betri ya kuunguza nyumba. Hiyo ikamatwe na mwenyewe ashitakiwe. Iko mashine ya magendo, iliyopita pwani usiku ili isilipe haki ya umma. Na hiyo nayo ina sheria yake. Lakini iko ya tatu: mashine halisi, iliyonunuliwa kwa halali nchi nyingine, iliyotangazwa forodhani na kulipiwa kila kinachodaiwa. Hii ya tatu haina doa lolote. Wakala anapokwenda kwa ofisa na kuomba izuiwe kwa kisingizio cha kupambana na bidhaa bandia, ofisa aulize swali moja tu: je, ni bandia, au ni halisi iliyouzwa na mwingine? Jibu likiwa la pili, wakala arudi dukani kwake akashindane kwa bei na kwa huduma. Dola haikuumbwa ili kulinda eneo la mtu binafsi.

Vyombo vya kulisimamia jambo hili tunavyo. Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Zanzibar ina sheria yake ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji ya mwaka 2018. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha Umoja wa Forodha mwaka 2005, ikatunga Sheria ya Ushindani mwaka 2006, na Soko la Pamoja likaanza Julai 2010. Somo la Grundig na Consten linatuhusu moja kwa moja. Tukiondoa ushuru baina ya Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, kisha mikataba ya mawakala ikasema bidhaa ya Kenya isiuzwe Tanzania na ya Tanzania isivuke kwenda Uganda, tutakuwa tumewatoa maofisa wa forodha mlangoni ili tuwaweke makarani wa makampuni.

Wala haifai kuyasema hayo kwa jirani na kuyanyamazia ya nyumbani. Suala la bidhaa inayolipiwa Unguja kisha kudaiwa tena inapofika Dar es Salaam limejadiliwa kwa miaka mingi miongoni mwa masuala ya Muungano. Msafiri aliyebeba kompyuta moja kwa matumizi yake, na stakabadhi yake ya forodha mkononi, ana haki ya kujua mapema, kwa maandishi yaliyobandikwa ukutani bandarini, anadaiwa nini na kwa kifungu gani. Mpaka wa Serikali hupata heshima yake kwa kuwa wazi. Ukianza kufichwa unafanana na ule wa mwenye duka.

YAPASAYO KUFANYWA

Tunapendekeza mambo machache, nayo hayahitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila muuzaji wa kompyuta atakiwe kuandika katika stakabadhi dhamana ni ya nani, ni ya muda gani, na inatambulika nchi zipi. Mnunuzi akishajua kwamba dhamana ya mashine yake inaishia Dubai, ataamua mwenyewe kama punguzo la bei linatosha kumfidia. Pili, wakala aliyeteuliwa asiruhusiwe kukataa kutengeneza mashine halisi kwa malipo ya haki kwa sababu tu ilinunuliwa kwingine. Tatu, tume za ushindani ziitishe na kusoma mikataba ya uwakala wa pekee, hasa vile vifungu vinavyomkataza muuzaji wa nchi moja kumhudumia mteja wa nchi jirani. Vifungu hivyo huandikwa kwa maneno laini, na ndani yake mna kufuli.

Kwa upande wa mnunuzi, nasaha ni fupi. Tazama volti. Tazama kibodi. Uliza kama programu zake zinafunguka katika nchi yako. Iwashe mashine mbele ya muuzaji, na namba iliyo mgongoni mwake uilinganishe na iliyo katika sanduku. Stakabadhi uitunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa cha mwanao, kwa kuwa wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na ulipofika bandarini, tangaza ulichonacho na ulipe unachodaiwa. Mwenye kukwepa ushuru humpa wakala hoja ambayo wakala hakuwa nayo, na huwaharibia wote wenye kupita njia iliyonyooka.

Katika Yugoslavia ya mwaka 1983 vijana walijenga mashine zao wenyewe kwa sababu mpaka wa Serikali uliwabana, nao walijua aliyewabana ni nani. Mzazi wa Ujerumani aliyelipa bei ya juu miaka ya 1990 hakujua. Hiyo ndiyo hatari ya mpaka usioandikwa: mtu anaweza kuulipia miaka mingi akidhani ni bei ya soko. Kuufichua ni wajibu wa waliokabidhiwa sheria, na kuuliza ni haki ya kila anayefungua mfuko wake dukani.